Mti wa Plastiki wa Shangazi na Paka wa Ghati

Siku ile sebuleni tulikuwamo watu sita na paka mmoja. Shangazi Wankuru, dada wa baba yetu na mwenye nyumba, alikaa kwenye kochi la mtu mmoja karibu na kabati la vyombo. Baba mdogo Chacha, aliyekuja kwa basi kutoka Sirari, alikalia kochi refu pamoja na Mzee Magoiga, mkubwa wa ukoo wetu, aliyetoka Machochwe tangu alfajiri na ambaye hakutaka kuegemea kwa kuogopa kuvichafua vitambaa vya kufuma. Mdogo wangu Mwita, miaka kumi na miwili, alisimama mlangoni mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ghati, kitinda mimba wetu, miaka minane, alikaa sakafuni akiwa amevaa gauni la mtumba lililomzidi mabega. Mimi Bhoke, mkubwa wao, nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa nimepiga magoti nikimimina chai. Paka aliitwa Karani, naye hakualikwa. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja wao ameisimulia siku ile kwa namna yake, wengine kwa kucheka, na katika hao wote ni mimi peke yangu niliyejua ukweli wa jambo lililotokea.

Chumba kilinuka maganda ya machungwa yaliyokauka, vumbi la zulia na joto la bati. Madirisha yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi na mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee yameshushwa, hata wageni wakawa wanajifuta jasho kwa viganja. Niliyafunga mimi. Kwa miezi minne kazi yangu kubwa katika nyumba ile ilikuwa kufunga. Nilifunga madirisha, nilifunga mlango wa uani, nilifunga komeo la mlango wa mbele kwa ndani, kisha nikakaa kwenye kigoda nikiutazama mti ambao haukuwa mti. Kupitia nondo za dirisha niliona watoto wa rika langu wakipita na sare zao, sketi za bluu na mashati meupe, wakirushiana maneno barabarani. Nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari. Jina langu lilibandikwa kwenye ukuta wa shule pamoja na mengine, na nadhani lilikaa pale mpaka mvua ilipoichana ile karatasi.

Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajabeba. Kwetu Machochwe shamba letu halikuwa mbali na mpaka wa hifadhi, na mtoto alijifunza kulinda kabla hajajifunza kusoma. Mchana tulifukuza nyani kwa mawe na kelele. Tembo walipokuja, baba alipiga debe mpaka mikono ikavimba, na sisi tukapiga masufuria nyuma yake. Kwa hiyo kulinda nilikujua. Ila nilikuwa nimezoea kulinda chakula, na mbele yangu pakiwa wazi mpaka vilimani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitafungiwa ndani ya kuta nne nilinde majani ambayo hayaliwi na mtu wala mbuzi.

Baada ya mazishi wazee walikaa uani kwetu siku mbili. Uamuzi wao ulikuwa kwamba sisi watatu twende Mugumu kwa Shangazi Wankuru, lakini kwa kujaribiwa, mpaka baada ya mavuno. Shangazi alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto. Alikuwa akiuza mitumba sokoni na alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa jasho lake, jambo ambalo wanaume wa ukoo walilisifu mbele yake na kulinung'unikia nyuma yake. Mavuno yakiisha, walisema, watakuja kuona kama anatuweza. Akiwa ametuweza, tutabaki pamoja. Akiwa ameshindwa, tutagawanywa: Mwita kwa baba mdogo Sirari, Ghati kwa ndugu za mama, na mimi, kwa kuwa shule ilikwisha kunipita, nitafutiwe pa kwenda. Hakuna aliyetamka neno mume. Halikuhitaji kutamkwa. Nilikuwa nimeona wasichana wa rika langu wakiondoka na ng'ombe wakiingia, na nilijua idadi ya vidole vya mkono wangu wa kulia ingetosha kuhesabu miezi iliyobaki.

Tulipofika kwa Shangazi, kitu cha kwanza alichotuonyesha hakikuwa choo wala mahali pa kulala. Alitupeleka sebuleni akatuonyesha mti. Ulikuwa umesimama kwenye kona, mrefu kama Mwita, majani yake mapana yana michirizi myeupe katikati, umechomekwa ndani ya chungu cheupe kilichojazwa mchanga ili usianguke upepo ukivuma. Ulikuwa umevuka mpaka kutoka Isebania ukiwa umefungwa kwa kamba juu ya pikipiki ya bodaboda, kisha ukapanda basi mpaka Mugumu ukiwa umelipiwa kiti chake. Juu ya televisheni aliviringisha ua jingine la kutambaa, na juu ya saa ya ukutani jingine dogo la waridi. Alituambia kwamba huko nyuma alipanda maua ya kweli mbele ya nyumba mara tatu, na mara tatu mbuzi wa jirani waliyamaliza. "Haya mbuzi hawali," alisema, "jua haliyaunguzi, na mimi nikirudi sokoni nayakuta nilivyoyaacha. Hapa duniani ni kitu gani kingine unakikuta ulivyokiacha?" Sisi tulikuwa tumetoka kuzika wazazi wawili.

Tatizo lilikuwa ndani ya kapu la Ghati. Ghati alikataa kupanda basi bila paka wa mama. Alikuwa dume wa kijivu mwenye kifua cheupe, na baba ndiye aliyempa jina la Karani, akisema anafanana na karani wa mnada aliyevaa shati safi kuja kuandika ng'ombe wa watu. Tangu mama afe, Ghati hakulala bila kumkumbatia. Shangazi hakupenda wanyama ndani ya nyumba, lakini panya walikuwa wanamtoboa mfukoni: waliingia stoo wakatafuna robota za mitumba, na suruali yenye tundu la panya hainunuliwi hata na mlevi. Akamkubali paka kwa masharti. Akae stoo na uani. Sebuleni asionekane. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mkubwa. Nyumba hii itatazamwa. Mzee Magoiga akija akakuta sebule yangu inanuka mkojo wa paka, atasema mwanamke hawezi kulea, na watakuwa wamepata walichokuwa wanakitafuta. Umenielewa, mama?" Nilimwelewa. Nilielewa kwamba ndugu zangu wawili walikuwa wamening'inia kwenye majani yale.

Siku ya tatu tu Karani aligundua mchanga. Kwa paka, chungu cha mchanga mkavu ndani ya nyumba ni choo alichojengewa yeye. Niliukuta umechimbwa, na harufu yake ilifika mpaka kwenye mapazia. Nikaanza vita. Nilimwekea boksi la majivu nyuma ya jiko, akalikubali nusu nusu. Nikaokota maganda ya machungwa sokoni nikayatandaza juu ya mchanga, maana nilikuwa nimeona nyumbani kwamba paka akinusa chungwa hugeuza uso. Ilisaidia yakiwa mabichi, yakikauka hayakumtisha. Nikanyunyiza pilipili ya unga, ikampaliza mama wa jumuiya ya kanisa aliyekuja kumsalimia Shangazi, akapiga chafya mpaka kilemba kikamtoka. Nikakata tawi la mgunga nikazungushia miiba yake chini ya shina. Shangazi alirudi akasimama mlangoni akalitazama kwa muda mrefu. "Bhoke, mwanangu," akasema, "umenijengea boma la mbuzi sebuleni." Nikaliondoa. Mwisho nikaenda na Mwita mtoni tukabeba mawe ya duara, laini, nikayapanga juu ya mchanga yakabanana kama sakafu. Hapo Karani akashindwa. Hakuweza kuchimba jiwe. Shangazi aliyapenda mawe yale, akasema yamefanya mti uonekane wa hotelini, na kwa wiki moja nzima nililala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Kilichofuata nilikifanya mimi mwenyewe. Barabara ya Mugumu wakati wa kiangazi ina vumbi linaloingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Majani ya mti yalikuwa yanapauka. Shangazi akaniambia kwamba jani la plastiki likishika vumbi linakaa kama jani lililokufa, nami niyang'arishe. Hakuniambia kwa kitu gani. Niliyafuta kwa maji, yakarudi kupauka yalipokauka. Nikakumbuka vibuyu vya maziwa vya mama. Mama alikuwa akivisafisha kwa moshi wa ukuni, kisha akavipaka samli nje kwa kitambaa, akavisugua mpaka vikang'aa hata ukaona mwanga wa mlango ndani yake. Kwa Shangazi palikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila Jumamosi nilikuwa natikisa kibuyu na kuchemsha samli. Nikachukua kidogo kwenye kitambaa, nikapaka jani moja moja, juu na chini. Mti ukang'aa kama umenyeshewa. Shangazi aliporudi alishika shavu langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Hii mikono ni ya mama yako," alisema. Hakuniuliza nilitumia nini, na mimi sikumwambia, kwa sababu nilitaka ile sifa ikae kama ilivyo. Tangu siku hiyo kila Jumamosi niliyapaka majani samli.

Wiki ile ile Karani akaanza kula mti. Wewe unayesoma umekwisha kuona kwa nini. Mimi sikuona. Sisi wenyewe tulikuwa tunajipaka samli miguuni na mikononi, pua yangu ilikuwa haiisikii tena, na sebule ilikuwa imetawaliwa na harufu ya maganda ya machungwa niliyoendelea kuyatandaza. Kichwani mwangu paka alikuwa ameamua kulipiza kisasi cha mawe. Nikikuta majani yametobolewa kingo, yamelambwa, mengine yameanguka yakiwa na alama za meno, nilikimbilia kufunga. Nilifunga kila kilichofungika, na bado aliingia, kwa sababu nyumba haikuwa na dari na kati ya ukuta na bati kulikuwa na upenyo ambao paka anaupita akiwa amelala. Hilo pia sikulijua mpaka baadaye. Nilichojua ni kwamba milango nimeifunga mimi, na paka yuko ndani. Shangazi naye alijua hivyo hivyo, na akatafuta maelezo ya karibu. "Ni huyu Ghati," alisema. "Anamwingiza. Mtoto anamwonea huruma paka kuliko anavyokuonea huruma wewe."

Ghati alikana. Shangazi alimwuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa fimbo. Kisha akaniachia mimi nimwulize. Nilimpiga Ghati kofi nyuma ya stoo, siku Karani alipotapika nyuzi za kijani na vipande vya plastiki akawa amelala ubavu, anahema. Nilimpiga nikiwa nalia. Nilimwambia anataka tutawanyike, anataka Mwita akabebe mizigo mpakani, anataka mimi niolewe. Mtoto wa miaka minane alinitazama bila kulia. "Dada, sikumwingiza," alisema. "Labda anapenda tu." Siku mbili baadaye bwana mifugo alipita kwa jirani kuchanja ng'ombe, Mwita akamvuta aje amwone paka. Alicheka kwanza, akasema yeye anatibu vitu vyenye pembe. Lakini alichuchumaa akambonyeza tumbo, akatuambia tumpe maziwa kidogo na tumwache ale majani mabichi ya nje. Akiwa anapanda pikipiki akageuka. "Paka hana kazi na plastiki," alisema. "Angalieni juu yake kuna nini." Nilimwitikia ndiyo, kwa heshima, kisha nikaenda kufunga dirisha la nyuma. Mtu akiwa amefungiwa muda mrefu, hata akioneshwa mlango haoni kwamba ni mlango.

Mavuno yakaisha. Shangazi alipokea habari kwamba wazee watakuja Jumatatu. Jumamosi ile niliupaka mti samli mara mbili ya kawaida, mpaka kwenye mashina. Jumapili baada ya kanisa sikumwachia Ghati atoke uani, na Karani tulimfungia stoo, mlango ukaegemezwa robota mbili. Jumatatu asubuhi Shangazi alivaa kitenge kipya, akapita sebuleni akigusa kila kitu kwa ncha ya kidole. Alipomaliza akaanza upya tangu mlangoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye alikuwa amefungiwa ndani ya chumba kile pamoja nami, na kwamba wageni wale walikuwa wanakuja kumpima yeye kuliko kutupima sisi.

Walifika saa nne. Tuliwaamkia shikamoo, wakatuitikia, tukawanawisha mikono. Mazungumzo yalianza mbali kama yanavyoanza siku zote: mvua, ng'ombe, nani amefiwa, barabara ya Tarime imeharibika wapi. Mzee Magoiga alikuwa ameushangaa mti tangu alipoingia. Akaunyooshea fimbo. "Wankuru, huu unazaa nini?"

"Hauzai, mzee. Ni wa kupendezesha nyumba."

"Unanyweshwa maji?"

"Haunywi."

"Hauzai, haunywi, na umelipiwa nauli ya basi," alisema Mzee Magoiga taratibu. "Hata mkwe wangu ana nafuu."

Walicheka, na Shangazi akacheka pia. Baba mdogo Chacha akamgeukia Mwita. "Na wewe, mura, kijana wetu, darasani unakuwa wa ngapi?" Mwita akasema wa pili. Baba mdogo akapiga ulimi kwa kuridhika. Mzee akamuuliza Ghati kama anakula akashiba, Ghati akasema anashiba. Mzee akaitazama sebule, akazitazama nguo zetu, akainua kikombe. Nilikuwa naliona neno likitengenezwa mdomoni mwake. Nilikuwa naliona lile neno kwamba tutabaki.

Juu yetu bati liligongwa. Karani alitokea kwenye upenyo juu ya ukuta, akatembea kwenye boriti kama mtu anayekwenda kazini, akarukia kabati, kisha akaruka moja kwa moja katikati ya majani. Mti uliinama naye. Mawe yangu ya mtoni, niliyoyapanga kwa mikono yangu, yalikuwa yamekizidishia chungu uzito juu, na kilipokwenda kilikwenda chote. Kiligonga sakafu kikapasuka. Mchanga ukamwagika mpaka kwenye viatu vya Mzee Magoiga, na mchanga wa chini, ule uliochimbwa miezi iliyopita, ulitoa harufu ambayo maganda ya machungwa yalikuwa yameificha muda wote. Baba mdogo alifunika pua. Karani hakukimbia. Alikaa juu ya mti ulioanguka, akashika jani kwa miguu miwili, akaanza kulilamba.

Nilijitupa kuokota vipande. Jani moja lilikuwa limeng'oka, nikalishika, na vidole vyangu vikateleza. Nikalitazama. Nikamtazama paka, ulimi wake ukienda na kurudi. Maneno ya bwana mifugo yakanijia, na Jumamosi zote zikanijia, na ile sifa niliyoipenda. Nilijua kila kitu kwa mara moja, nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga unaonuka.

Mzee Magoiga hakupandisha sauti. "Wankuru. Unawaweza hawa?"

Shangazi alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umesinyaa. "Wakubwa wawili nawaweza," alisema. "Bhoke ni mkono wangu wa kulia. Mwita unamwona. Huyu mdogo ndiye ananishinda. Nimesema, nimechapa, bado anamwingiza paka. Si mtoto mbaya. Ana kiburi cha chini chini."

"Basi huyo nakwenda naye mimi," alisema baba mdogo Chacha. "Na paka wake. Kwangu Sirari hakuna maua ya kuharibu, ni malori tu." Alisema kwa namna ya kupoza mambo, na Mzee Magoiga akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata njia nyepesi kuliko aliyoitarajia.

Ghati alisimama. Gauni lilimteleza bega moja. "Sikumwingiza," alisema. Hakumwambia Shangazi wala wazee. Alinigeukia mimi. "Dada, waambie."

Nimehesabu mara nyingi muda niliokaa kimya pale, na siamini kwamba ulizidi pumzi tatu. Katika pumzi hizo nilifikiri hivi: nikisema ni mimi, mkono wa kulia wa Shangazi utakuwa ndio uliovunja nyumba yake. Wazee watasema basi hakuna anayewezekana, na wote watatu tutaondoka, kila mmoja na kapu lake. Nikinyamaza, anaondoka mmoja, na anakwenda kwa baba mdogo ambaye si mtu mkatili. Nilifikiri hivyo, na yalikuwa mawazo yenye akili. Chini yake palikuwa na wazo lingine lisilo na akili yoyote, kwamba sitaki kuolewa. Nililifunga jani ndani ya khanga yangu. Nikasema, "Ghati, kamsaidie Mwita kuleta ufagio."

Aliondoka kesho yake asubuhi. Mwita alimbebea kapu mpaka stendi. Mimi nilibaki kusugua sakafu, kwa kuwa nilijipa kazi hiyo. Baadaye tulisikia kwamba siku ya pili tu Karani alitoka kwa baba mdogo akaelekea kwenye foleni ya malori na hakurudi tena, na kwamba Ghati alikaa barabarani siku nzima akimwita.

Uamuzi ule ulitimiza ulichoahidi, na hilo ndilo linalonisumbua. Tulibaki Mwita na mimi. Sikuolewa mpaka nilipotaka mwenyewe. Mwita alisoma mpaka akamaliza chuo, na karo yake nilisaidia kuitoa kwenye meza ya mitumba ambayo Shangazi alinirithisha magoti yake yalipochoka. Leo nina nyumba yenye dari na madirisha ambayo nayaacha wazi mchana kutwa. Shangazi anaishi nami. Mwaka jana, tukiwa tunachambua maharage, nilimweleza habari ya samli, yote, mpaka lile jani ndani ya khanga. Alisimamisha mikono. "Ulidhani ningewatupa wote kwa ajili ya samli?" aliuliza. Nikasema ndiyo, nilidhani hivyo. Alirudi kuokota mawe kwenye maharage. "Ningecheka," alisema. "Ningewaambia wale wazee, huyu mtoto ameulisha mti, na wangecheka." Kisha akasema, "Lakini mimi umekwisha kuniambia. Si mimi wa kuambiwa."

Ghati yupo Sirari mpaka leo. Ana kibanda cha kusajili laini na kutuma pesa, anachanganya Kiswahili cha ng'ambo na cha huku, na ana watoto wawili wenye vicheko vikubwa. Baba mdogo alimlea vizuri kadiri alivyojua. Lakini Kikurya chake kina lafudhi ambayo si ya kwetu. Nyimbo ambazo Mwita na mimi tulikuwa tukikumbushana gizani, zile za mama wakati wa kutikisa kibuyu, yeye hazijui, kwa sababu hakuwepo tulipokuwa tunakumbushana. Sauti ya mama ameisahau kabisa. Aliniambia hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwamba hajui kuogelea.

Alikuja Pasaka iliyopita. Aliwasimulia watoto wangu habari ya mti wa plastiki, akiigiza Mzee Magoiga na mchanga viatuni, na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka. Alinitazama. Nilipomsindikiza stendi asubuhi iliyofuata, Ghati alinishika mkono njiani. "Dadangu, mimi nilikuwa mtoto msumbufu, si ndiyo? Ningetulia kidogo, tungekua pamoja. Huwa nafikiria nikuombe msamaha, lakini naona haya."

Kondakta alikuwa anagonga ubavu wa basi. Neno lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Nikamwambia awahi siti ya dirishani. Sasa naandika haya kwa watu nisiowajua, kabla sijamwambia yeye, na najua kwamba huku si kulipa. Ghati amebeba kosa langu tangu ana miaka minane, na wiki ijayo atanipigia simu kama kawaida yake, aniulize habari za nyumbani, nami nitamjibu kwamba ni nzuri.